Unataka Kuwa Daktari wa Farasi? Anza na Punda wa Machakos

Wacha tuseme umemaliza kidato cha nne, unangoja matokeo, na kila ukifungua simu unaletewa video za farasi. Msee wa Uingereza anakata kwato, dem wa Texas anaskiza tumbo la farasi na stetoskopu, na wewe uko hapo Masii unajiambia hii ndiyo kazi yangu. Ukizidi kuchimba unapata ati majuu kuna digrii nzima ya sayansi ya farasi, na wasee wanaisoma kwanza ndio waingie shule ya udaktari wa mifugo. Sasa mtu wa Machakos anaanzia wapi? Farasi wa mwisho uliyemwona kwa macho yako ni yule wa kubeba watoto Krismasi.

Ndoto yako si ya kuchekwa. Lakini ukifuata ramani ya Marekani ukiwa Kenya, utapoteza miaka minne na doo za mathee. Na mnyama wa kukufunza hiyo kazi amesimama hapo nje kwa kioski cha maji, amebeba mitungi minne ya lita ishirini, na hakuna mtu amewahi kumskiza tumbo.

Majuu wanafanyaje

Marekani huwezi kutoka shule ya upili uingie moja kwa moja kusomea udaktari wa mifugo. Kawaida unasoma digrii nyingine kwanza, miaka minne, halafu unaomba nafasi kwa shule ya udaktari, miaka mingine minne. Hiyo digrii ya kwanza inaweza kuwa biolojia, kemia, ufugaji ama hiyo ya farasi, mradi umepita masomo wanayoitisha. Ndiyo maana mtoi aliyekulia kwa zizi la farasi anachagua ya farasi: anasoma kitu anapenda huku akikusanya kemia na biolojia za kumfungulia mlango.

Ndani ya hiyo kozi kuna chakula cha farasi, uzazi, mifupa na misuli, mazoezi, na biashara ya mashindano. Ireland, Chuo Kikuu cha Limerick kinaifundisha, na inaeleweka, kwa sababu kule mbio za farasi ni biashara ya ganji mob. Lakini cheki hapa vizuri: hata huko, hiyo karatasi peke yake haikufanyi daktari. Inakupeleka kusimamia zizi, kufanya utafiti, ama kuuza chakula cha mifugo. Kumpasua farasi ni ya yule aliyeendelea hatua ya pili.

Kwetu njia ni fupi kuliko unavyodhani

Kenya mambo ni tofauti. Ukitoka sekondari na alama fiti, unaenda moja kwa moja kusomea udaktari. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundishia kozi hiyo kule Kabete, miaka mitano, na Egerton pia wanayo Njoro. Unaomba kupitia KUCCPS kama kozi nyingine yoyote. C+ ni ya kukufikisha kwa geti tu, halafu kinachoamua ni pointi za klasta, na hapo biolojia na kemia ndizo zinabeba mzigo. Kama wewe ni wa mtaala mpya, njia yako sekondari ya juu ni ile ya sayansi. Kama kemia inakushinda, tafuta odijo sahii, usingoje mwaka wa mwisho.

Kabete hakuna mtu anakupa digrii ya farasi. Utasoma ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, mbwa, na humo ndani farasi na punda. Ukitaka kubobea kwa farasi, hiyo inakuja baadaye, ukishakuwa daktari. Kwa hivyo ile stori ya kwenda kwanza ng'ambo kusoma sayansi ya farasi ndio urudi uwe daktari haina maana kwa mtu wa hapa, labda kama una mzazi wa kuchoma pesa. Ukirudi na hiyo digrii, Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, ile inaitwa KVB, haitakuandikisha kama daktari. Itataka ile ya udaktari wenyewe.

Na kama alama hazikufika? Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Kuna vyuo vya gova vinavyoitwa AHITI, vya afya ya mifugo: kimoja Kabete, kingine Ndomba kule Kirinyaga, na kingine Nyahururu. Ukitoka huko na cheti unaandikishwa na KVB kama msaidizi wa daktari wa mifugo, unaanza kazi, unajua mnyama kwa mkono. Kutoka hapo kuna diploma, na ukiipita vizuri unaweza kuomba nafasi ya digrii. Ni mzunguko, ndio. Lakini yule anayefika Kabete akiwa ameshazalisha ng'ombe usiku kwa mvua hashtuki kama yule aliyetoka tu darasani na alama za A.

Onyo moja, na ulishike. Tangu sheria ya 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, huwezi kutibu wanyama kwa malipo kama hujaandikishwa na bodi. Kuna vyuo viko juu ya duka la simu, ghorofa ya tatu, mlango wa bati, vinakuahidi cheti cha mifugo kwa miezi michache. Kabla ya kulipa hata shilingi, uliza KVB kama hicho chuo na hiyo kozi zimeidhinishwa. Si "tunangojea kibali", si "mambo iko sawa bro". Zimeidhinishwa ama hazijaidhinishwa.

Huyo punda ndiye kitabu chako

Sasa turudi kwa mnyama. Ukambani punda, ama ing'oi ukimuuliza shosho, anabeba maji, mchanga, mahindi, hata mgonjwa siku ya matope. Na kwa sayansi yeye na farasi ni damu moja karibu kabisa. Farasi ana kromosomu 64, punda 62. Ukiwavusha unapata nyumbu mwenye 63 (namaanisha yule wa kubeba mizigo, si yule wa kuvuka mto kule Mara), na kwa sababu hiyo namba haigawanyiki kwa mbili, nyumbu karibu wote ni tasa. Ukipita Mombasa Road upande wa Kapiti, kwa lile shamba kubwa la utafiti la ILRI ambalo liko papa hapa kaunti ya Machakos, unaona binamu wa tatu, punda milia, mwenye kromosomu 44. Hilo ni somo la jenetiki umelipata kwa dirisha la mathree.

Kingine cha kukupa kifua: mwaka wa 2022 wanasayansi waliochambua jeni za punda kutoka sehemu nyingi za dunia walisema kwamba punda alifugwa mara ya kwanza huku kwetu, Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, miaka kama 7,000 iliyopita. Huyo mnyama tunamdharau alitoka hapa akaenda kubeba dunia nzima.

Anza na tumbo, kwa sababu tumbo ndilo linaua. Ng'ombe anachachushia nyasi mbele, kwa tumbo la vyumba vinne, na anacheua. Punda na farasi wanachachushia nyuma, kwa utumbo mpana, na hawawezi kutapika. Kikiingia kibaya, hakirudi. Kikikwama ama gesi ikijaa, maumivu yake yanaitwa koliki, na ni dharura. Farasi akishikwa na koliki kila mtu anajua: anajigaragaza, anatoa jasho, anapiga tumbo lake teke. Punda je? Anasimama tu. Ameinamisha kichwa, masikio yamelegea, hataki kula. Mwenyewe anasema huyu amekuwa mvivu leo, anachukua fimbo.

Hapo ndipo kazi ya daktari ilipo. Punda ni mnyama wa kuficha maumivu. Kwa hivyo lazima ujue namba zake za kawaida ndio ujue amebadilika. Punda mzima aliyepumzika moyo wake hupiga kama mara 44 kwa dakika, na joto lake ni kama 37.1. Ukitumia za farasi, mwenye moyo wa taratibu zaidi na joto la juu kidogo, punda ataanza kupata homa na wewe unaandika "yuko sawa". Weka stetoskopu ubavuni, pande zote mbili. Tumbo lenye afya linanguruma kama mat ikipanda mlima. Likiwa kimya kabisa, usicheke na hiyo hali. Mijini sababu mara nyingi ni takataka: mifuko na vipande vya kamba za plastiki. Kenya tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka wa 2017, lakini pita jalala lolote la mtaa uone kama ilihama yote.

Kuna hii nyingine ambayo hata madaktari wa ng'ombe huikosa. Punda akikaa bila kula, mwili unaanza kumwaga mafuta yake kwa damu, mengi kuliko ini linavyoweza kushughulikia, na ndani ya siku chache anaweza kudedi kwa hiyo hali peke yake, hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Na kinachomfanya aache kula si lazima kiwe ugonjwa. Punda hushikana na mwenzake kama pacha. Mmoja akiuzwa ama akifa, yule aliyebaki anaweza kukataa chakula. Wanaowajua wanyama hawa humwachia punda asimame na maiti ya mwenzake kwa muda kabla ya kuizika, ndio aelewe. Usicheke. Hiyo ni tiba.

Kuhusu dawa, punda si farasi mdogo. Kuna dawa za maumivu za farasi ambazo mwili wa punda huziondoa haraka zaidi, kwa hivyo ukimpa kwa ratiba ya farasi anaumia katikati. Mshipa wa shingo nao umefunikwa na msuli mnene kuliko wa farasi, na usipojua pa kushika utamdunga na kumdunga tena mpaka akuchukie. Uzito pia hukisii kwa jicho. Unapima kifua kwa utepe, unafanya hesabu, ndio unapata kiasi cha dawa. Ndiyo maana hesabu iko kwa hiyo klasta yako.

Meno yake husagika na kuendelea kutoka maisha yote, na kingo zikichongoka zinachana shavu, ndio unaona punda anatema nyasi alizotafuna nusu. Dawa yake ni tupa na mkono wenye subira. Kwato za punda husimama wima kuliko za farasi, na fundi akizikata kwa mfano wa farasi wa YouTube anamharibia mguu. Halafu kuna pepopunda. Jina lenyewe lina punda ndani, na jamii ya farasi na punda ni kati ya wanyama wanaoshambuliwa vibaya zaidi na huo ugonjwa. Msumari mmoja kwenye kwato, kidonda kidogo kinafunga juu, na siku kadhaa baadaye mwili mzima umekakamaa. Chanjo ipo.

Lakini ugonjwa utakaouona zaidi Machakos hauna virusi wala bakteria. Ni vidonda vya kamba. Kamba ya nailoni inapita chini ya mkia, mkokoteni unavuta upande mmoja, mgongo hauna kitu cha kuukinga. Unaweza kudunga antibayotiki kila wiki na kidonda hakitapona, kwa sababu Jumatatu kamba inarudi palepale. Dawa ya kwanza ni gunia lililokunjwa vizuri na kamba pana, halafu ukae chini na mwenye punda na fundi wa mkokoteni muongee. Hiyo lugha hakuna digrii ya Limerick itakupa. Wewe unayo tayari.

Kwa nini hii si stori ya mapenzi ya wanyama tu

Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 Kenya. Ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Wengine walienda wapi?

Walichinjwa. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vyenye leseni vilifunguliwa, Mogotio, Naivasha, Lodwar, na kimoja hapa Machakos. Soko halikuwa nyama sana, lilikuwa ngozi. China ngozi ya punda huchemshwa kutoa gundi inayoitwa ejiao, inayouzwa kama dawa na kipodozi, na punda wa kule hawakutosha tena. Utafiti wa KALRO uliotoka 2019 ulikuta kwamba punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya 2016 na 2018. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima hivi, anazaa mmoja. Fanya hesabu mwenyewe kama hiyo kasi inaweza kufidiwa.

Wezi nao wakaingia. Watu walikuwa wanaamka asubuhi wanakuta zizi halina mtu, wakati mwingine wanakuta mabaki kichakani, ngozi imeenda. Kwa boma la Yatta ama Masinga, punda akiibiwa mtungi haupotei. Unahamia mgongoni mwa mathee, ama wa dada yako aliyepaswa kuwa darasani. Na kununua mwingine ikawa noma, kwa sababu bei ilipanda.

Februari 2020 waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaondoa marufuku. Halafu Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kusimamisha biashara ya ngozi za punda bara zima. Karatasi iko. Kinachobaki ni nani anawaangalia wale waliobaki, na jibu kwa sasa ni watu wachache mno.

Sasa, doo iko wapi?

Sitakudanganya. Daktari wa farasi peke yake Kenya ana soko dogo: uwanja wa mbio wa Ngong, wachezaji wa polo, vilabu vya kupanda farasi Karen, mashamba ya Laikipia na Naivasha. Nafasi ni chache na huingii bila mtu wa kukufunza. Mwenye punda naye atamlipia ng'ombe wake bila kufikiria mara mbili, lakini kwa punda atasema atapona tu. Huwezi kula punda peke yake.

Daktari wa Machakos anaishi kwa mchanganyiko. Ng'ombe wa maziwa upande wa Kangundo na Kathiani, mbuzi, mbwa wa Syokimau na Mlolongo ambako watu wana keja na fensi, kuku, ukaguzi wa nyama. KMC iko Athi River, kaunti yako hiyo hiyo. Serikali ya kaunti huajiri, ikiajiri. Kwa punda kuna mashirika kama Brooke, na Lamu kuna hifadhi ya punda yenye kliniki tangu 1987, kwa mji ambao vichochoro vyake vimezoea punda kuliko gari. Mtu anayejua punda vizuri ni adimu, na adimu hukumbukwa nafasi ikitokea.

Kuhusu wiki hii, usingoje barua ya KUCCPS. Nenda ofisi ya mifugo ya kata yenu uombe kumfuata afisa siku ya chanjo. Kubeba kisanduku cha barafu ni kazi pia, na jina lako linaanza kujulikana. Uliza daktari kuhusu chanjo yako mwenyewe ya kichaa cha mbwa kabla ya kuanza kushika wanyama ovyo. Watafiti kutoka Kabete walikuja kuchunguza huo ugonjwa hapa Machakos miaka ya 1990 kwa sababu ulikuwepo kwa wingi, na punda aliyeumwa na mbwa mgonjwa anaupata na anaweza kuuma pia.

Halafu nenda kioski cha maji asubuhi. Salimia mwenye punda kwanza, mwite mzee ama mama, umwombe ruhusa. Usitokee nyuma, wahenga hawakukosea waliposema asante ya punda ni mateke. Njoo kwa upande wa bega la kushoto, ongea taratibu, weka mkono shingoni kabla ya kuupeleka kwingine. Kisha shuka na vidole mpaka chini ya taya, utafute mshipa unaopita juu ya mfupa, utoe simu uweke saa ya dakika moja, na uhesabu. Ukipata karibu na 44, uko sawa na yeye yuko sawa. Ukipata 70 na ndio kwanza anaamka, mwambie mwenyewe asimpakie leo, na upigie mtu wa mifugo.